Sababu ya Safari

Kwenye fomu ya kuombea kibali cha kutoka kambini kuna mstari mmoja unaouliza sababu ya safari. Wengi wenu mnaujua. Majibu yanayopita yanajulikana pia, tumeyazoea hadi mtu anayasema kabla hajaulizwa: matibabu, masomo, biashara, mahojiano ya ubalozi, msiba, kesi mahakamani. Kila jibu lina karatasi yake. Mgonjwa analeta barua ya hospitali, mwanafunzi analeta barua ya shule. Mwaka jana, miezi michache baada ya mgao kukatwa, mimi niliandika: kuona bahari. Karatasi ya kuambatanisha sikuwa nayo.

Afisa aliyepokea fomu alisoma, akanitazama, akasoma tena. "Mwalimu, hii siwezi kuipeleka mbele hivi. Andika unatembelea ndugu." Nikamwambia Mombasa sina ndugu. "Basi rafiki." Rafiki pia sina. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa ananitafutia mlango wa kupita. Foleni ikaanza kunung'unika nyuma yangu, na mwishowe akaandika kwa mkono wake mwenyewe: sababu binafsi. Siku ishirini na moja, Mombasa, Kilifi na Lamu.

Nataka kuandika kuhusu neno hilo, binafsi, na kama mtu kama mimi anaruhusiwa kuwa nalo. Siulizi upande wa sheria. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 26, unasema mkimbizi aliyepo nchini kihalali achague mahali pa kukaa na atembee kwa uhuru, kwa masharti yale yale yanayowahusu wageni wengine. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 nayo inaruhusu tutengewe maeneo ya kukaa. Wanasheria watabishana, ndiyo kazi yao. Swali langu ni la jirani kwa jirani: je, ni haki mtu anayeishi kwa mgao aende mahali kwa sababu tu anatamani kwenda?

Jirani yangu mmoja, mama wa kutoka Fizi, aliniona nafunga begi. "Mwalimu, uko naenda kutafuta nini kule?" Nikamjibu, naenda kuangalia tu. Akanyamaza kidogo. "Kuangalia. Na pesa?" Pesa ilikuwa akiba ya miaka miwili kutoka kwenye posho ya insentivu ninayolipwa shuleni. Watoto wake wakati ule walikuwa wameshafika mlo mmoja kwa siku. Hakunitukana. Angenitukana ingekuwa rahisi, ningekasirika na kuondoka. Alirudi tu kwenye jiko lake akaendelea kupuliza makaa.

Wa pili kunipinga alikuwa rafiki yangu anayefanya kazi kwenye shirika moja hapa, Mkenya, mtu ninayemheshimu. Yeye hakujali pesa. Aliniambia hivi: "Leo wewe unaandika kuona bahari. Kesho mtu wa bloki yako ataomba kwenda Eldoret kwa ajili ya moyo, na mtu mahali fulani atasema, hawa watu wanatalii." Neno hilo lilinikaa kifuani kuliko la mama wa Fizi, na sitaki msomaji adhani nimelipata jibu lake kwa urahisi.

Kabla ya kufika baharini niseme jambo moja kwa wasomaji wetu wa mashirika, na nalisema bila kijicho. Ninyi mna likizo ya kupumzika kila baada ya wiki kadhaa. Ndege inatua, mnaondoka, na wengi wenu mnaenda huko huko nilikokwenda mimi, Diani, Watamu, Lamu. Mantiki ya likizo hiyo ni nzuri. Inasema kwamba kuishi mahali kama Kakuma, kwenye joto, vumbi na shida za watu asubuhi hadi jioni, kunamchosha binadamu, na kwamba aliyechoka anaanza kukosa huruma na kufanya makosa. Nakubali kila neno. Nauliza tu kuhusu yule anayeishi kwenye joto lile lile na vumbi lile lile bila tarehe ya kuondoka, ambaye pia ana watoto wa kuwahurumia. Rafiki yangu alinijibu kwamba yeye ni mfanyakazi, likizo iko kwenye mkataba wake. Sawa. Lakini mimi sikuomba nilipwe. Niliomba kupita.

Nadhani shida yetu inaanzia kwenye tofauti ya haja na hamu. Kambi inaijua haja. Tumeandikwa kwa haja zetu tangu siku ya kwanza: wangapi, umri gani, nani mgonjwa, nani mjamzito, nani hana mtu. Mgao ulipokatwa tuligawanywa kwa makundi ya uhitaji, na watu wakaanza kutambulishana kwa namba ya kundi. Hamu haina kundi. Siwalaumu waliopanga, chakula kikiwa kidogo lazima mtu apange. Ila ukiulizwa haja zako kwa miaka kumi na moja, unafika mahali hujui tena kama unayo kitu kingine. Mtu akikuuliza unapenda nini, unamjibu unachokosa.

Mimi nimesafiri sana, kuliko watalii wengi. Nimevuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Uvira hadi Kigoma, nikakaa Nyarugusu, nikapanda malori na mabasi hadi Turkana. Lile ziwa nililivuka usiku nimelala chini ya turubai na watu wengine wengi, tumeambiwa tusiinue kichwa. Nimezaliwa kando ya ziwa hilo na safari yangu ndefu kuliko zote juu yake sikuiona. Kila safari niliyowahi kufanya ilikuwa na sababu nzito kiasi hicho. Ndiyo maana nilitaka moja ambayo haina.

Ya Kakuma hadi Mombasa sitaieleza. Lodwar, Kitale, Nairobi, mgongo unauma, vizuizi, karatasi, endelea.

Mombasa kitu kilichonishika hakikuwa Fort Jesus. Ilikuwa feri ya Likoni. Kwa mtembea kwa miguu ni bure. Unasimama kwenye banda na mamia ya watu, geti linafunguliwa, wote mnateremka kwa pamoja, wanafunzi, wenye mikokoteni, kina mama na ndoo za samaki, na dakika chache baadaye uko ng'ambo. Hakuna aliyeniuliza chochote. Nilivuka, nikanunua muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, nikavuka kurudi. Halafu nikavuka tena. Siku ile nilivuka mara nne. Mlinzi mmoja alinitambua mara ya tatu akacheka: "Kaka, umesahau kitu?" Nikamwambia hapana, napenda tu. "Haya, pita." Kama kuna mtu anataka kujua nilichokitafuta pwani, ni hilo "haya, pita."

Kwenye matatu ya Malindi nilimwambia makanga, "Niko naenda mpaka Malindi," na gari zima likajua mimi ni Mkongo. Wakaniomba niimbe. Mzee aliyekaa kando yangu, kofia ya kitambaa na mkongojo, aliuliza kwa upole: "Mwanangu, nanyi huko Kongo Kiswahili mlikipata wapi?" Nikamjibu, "Mzee, si mlituletea ninyi?" Akacheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu alijua kilikuja na nini. Kilikuja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, kutoka pwani hadi Tabora, hadi Ujiji, kikavuka ziwa hadi kwetu, na cha Tippu Tip na watu wake kikafika hadi Kasongo na mbele zaidi. Tulikuwa ndiyo kwanza tunapita Kengeleni, na mzee akanionyesha kengele yenyewe pale njia panda. Ni ya Frere Town, kijiji ambacho wamisionari wa Kiingereza walikianzisha miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Wengi walikuwa Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa. Kengele ililia hatari ikikaribia, wafanyabiashara wa watumwa wakionekana wanakuja. Nilifikiria watu wale muda mrefu, hadi tulipovuka daraja la Kilifi. Walisafiri mbali kuliko mimi, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa sababu ya safari, maana safari haikuwa yake. Kisha wakakaa pale, wakapewa kiwanja, kanisa na kengele. Na karne moja baadaye, miaka ya 1990, pwani hiyo hiyo kulikuwa na kambi za watu waliokimbia Somalia, kama Utange. Zilifungwa, na baadhi yao wakaletwa Kakuma. Kuna wazee hapa kwetu ambao walikuwa na bahari, wakanyang'anywa kwa lori.

Gede nilikaa siku nzima, na nikiwa na nauli nyingine nitarudi. Kwanza kulikuwa na mkasa wa dirisha la tiketi. Bei ni ya raia, ya mkazi, na ya mgeni wa nje. Dada wa dirishani aliuliza mimi ni yupi. Swali zuri sana. Raia siyo. Mkazi? Nina miaka mingi Kenya kuliko vijana wengi wanaojiita wakazi. Mgeni wa nje? Bei yake ilikuwa chakula changu cha siku mbili. Nikamkumbusha kwamba Congo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Akafikiri, akamwita mwenzake, wakashauriana, wakaniuzia ya mkazi. Ni mara yangu ya kwanza jumuiya ile kunisaidia kwa kitu cha kushika mkononi.

Gede ni mji uliohamwa. Uko ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kuta za mawe ya matumbawe, msikiti mkubwa, kasri, visima virefu, vyoo vilivyojengwa kwa akili kuliko vyetu vya hapa. Kuna kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Wachimbaji waliokuja baadaye walikuta vyombo vya Kichina, shanga, sarafu. Mwaka 2024 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Watalii walikuwa wanapiga picha mizizi ya miti inavyokumbatia kuta. Mimi nilikuwa naangalia milango. Aliyewahi kuacha nyumba anajua kusoma nyumba iliyoachwa: unatafuta kama waliondoka kwa mpango au kwa mbio, walibeba nini, nani alibaki nyuma kufunga. Nilisimama kwenye chumba kimoja kidogo cha ndani, nadhani kilikuwa cha kuhifadhia vitu, na mikono yangu ikaanza kujua pa kuweka debe na pa kuweka mkeka.

Mwongozaji alisema wataalamu wanataja mengi: maji ya visima kupungua, mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini, biashara kuhamia kwingine. Mtalii mmoja akasisitiza: lakini kwa nini hasa? Mwongozaji akainua mabega. Mji mzima uliondoka bila kuacha maelezo, na miaka mia kadhaa baadaye tunalipa kiingilio, hatuwadai barua.

Malindi kuna nguzo ya Vasco da Gama, imesimama kwenye mwamba juu ya maji. Alifika mwaka 1498 akitokea Mombasa, ambako hakuelewana na wenyeji. Malindi ilimpokea vizuri, ikampa rubani wa kumvusha hadi India. Mwaka 1505 Wareno walirudi na manowari wakaichoma Mombasa. Pale kwenye nguzo nilimkumbuka Kant, ambaye tulisomeshwa kidogo kwenye kozi ya chuo inayofundishwa hapa kambini. Ni ajabu kwamba aliyeandika vizuri kuhusu haki ya kutembea ni mtu ambaye hakuwahi kwenda mbali na mji wake wa Königsberg. Mwaka 1795, katika kitabu chake kuhusu amani ya kudumu, alisema kila binadamu ana haki ya kuzuru. Dunia ni duara, hatuwezi kutawanyika bila mwisho, lazima tuvumiliane. Haki ya kukaribishwa kama mgeni wa nyumbani ni kitu kingine, hiyo inahitaji mapatano. Lakini anayefika kwa amani asitendewe kama adui. Kant huyo huyo aliwakemea Wazungu wa biashara ambao kwao kuzuru na kuteka vilikuwa kitu kimoja. Kwa hiyo hofu ya mwenyeji si ujinga. Nguzo ile ni ushahidi kwamba mwenyeji ana haki ya kuuliza.

Ila angalia anachouliza Kant. Anauliza mwenendo: umekuja kwa amani? Haulizi umekuja kufanya nini na wewe ni nani hata utake.

Barabara ya Lamu ndiyo ilinifundisha tofauti hiyo kwa vitendo. Baada ya Garsen kuna vizuizi, abiria wote mnashuka, mnapanga mstari, vitambulisho mkononi. Sababu zake si za kubuni. Mpeketoni ilishambuliwa Juni 2014, watu wengi wakauawa, na barabara hiyo imemwaga damu tena baada ya hapo. Askari alichukua karatasi yangu akaisoma yote. "Wewe unatoka Kakuma unaenda Lamu. Kufanya nini?" Nikamwambia imeandikwa. "Binafsi ni nini?" Nikasema, kuona bahari. "Bahari umeiacha Mombasa." Watu wakacheka. Mama mmoja mwenye buibui nyuma yangu akasema, "Mwacheni mtoto wa watu apite, kwani bahari ya nani?" Askari naye akatabasamu, lakini hakuacha kazi. Alilinganisha picha na uso wangu, akaangalia tarehe, akafungua begi, akakuta nguo, daftari na mkate. Akanirudishia karatasi.

Hapo alikuwa na haki kwa karibu kila kitu. Nani, kutoka wapi, kwenda wapi, hadi lini, na begi lina nini: maswali haya yanawalinda watu wa Lamu, na mimi nikiwa mmoja wa abiria yalinilinda mimi pia. Mimi ninayetoka mahali ambapo hakuna aliyekagua begi la mtu nayapokea kwa moyo mweupe. Swali la kwa nini halimlindi mtu. Mwenye nia mbaya ndiye anayekuja na sababu iliyonyooka, ameiandaa, ana barua yenye muhuri. Anayebabaika mbele ya swali hilo mara nyingi ni yule asiye na cha kuficha, ambaye hajui aseme nini kuhusu kitu anachotaka tu. Kwa maneno mengine, fomu yetu inawafundisha watu waaminifu kusema uongo mdogo. Ndugu, rafiki, biashara. Sote tunawajua waliokwenda "matibabu" kumwona mchumba, na hakuna anayewahukumu. Nami siwahukumu. Lakini uongo ule una gharama: mtu anajifunza kwamba haja yake ndiyo tiketi yake, na anaanza kuumwa ili apite.

Sasa rafiki yangu na mgonjwa wa moyo. Amesema kweli kwamba leo foleni ni moja, na dakika alizonisikiliza mimi yule afisa kuna mtu alizingoja. Naweza kujibu kwamba swali la kwa nini likiondolewa mgonjwa atapita haraka zaidi. Nadhani ni kweli. Lakini halijaondolewa, na mgonjwa anaumwa leo. Sina jibu linalomtosha. Ninachokataa ni sehemu moja tu ya hoja yake, ile inayotaka sisi wote tuonekane wagonjwa ili mmoja wetu aaminiwe. Watu wazima wanaotamani mambo hawamfanyi mgonjwa kuwa mwongo.

Na mama wa Fizi. Yeye alikuwa na hoja ya zamani kuliko zote, kwamba hamu ingoje haja imalizike. Mimi namuuliza, ingoje mpaka lini? Kakuma ilianza mwaka 1992. Watu wamezaliwa hapa, wameoa hapa, wamezikwa hapa, na haja haijamalizika hata siku moja. Kando ya mlango wake ana kopo la mafuta ya mgao lenye maua ya zambarau, anayamwagilia kwa maji anayopanga foleni saa kumi na moja alfajiri. Maji ya kunywa. Sijawahi kumsikia mtu akimuuliza sababu, na sikumtajia maua hayo siku ile, isingekuwa adabu.

Lamu nilikaa siku nne. Nilichofanya ni kidogo: kukaa ukutani mbele ya maji, kuangalia punda wakibeba mchanga, kuona maji yakitoka mbali na kurudi, kitu ambacho ziwa letu halifanyi. Upande wa bara niliona bandari mpya, ile ya LAPSSET iliyozinduliwa 2012, gati lake la kwanza likaanza kazi 2021. Ramani ya mradi ina barabara kutoka bandari hiyo kupita Isiolo, Turkana, hadi mpaka wa Sudan Kusini, njia inayopita hapa kwetu. Ikikamilika, kontena litatoka baharini hadi Kakuma kwa barabara moja.

Nilirudi siku ya kumi na tisa, mbili zikiwa zimebaki. Tangu hapo vijana wawili wa bloki yetu wamejaza fomu na kuandika sababu binafsi, mmoja kwenda Kisumu, mwingine kwenda Mombasa. Wa Kisumu amepata siku kumi. Wa Mombasa ameambiwa aeleze zaidi, arudi Jumanne. Amekuja kuniuliza aandike nini. Nimemwambia aandike kile kile, na tutakwenda pamoja.